Namba ya chini ya mstari: tunachokosea kupima magonjwa ya samaki wa baharini

Vipimo vya vinasaba vimekuwa rahisi kupatikana kuliko vilivyokuwa miaka 15 iliyopita. Leo mtu anaweza kuchota lita chache za maji ya bahari, akayachuja, akapeleka kichujio maabara na kuambiwa ni vimelea gani vimeacha DNA yao humo. Wakati huohuo simu imemfanya kila mvuvi kuwa mpiga picha, na picha ya samaki mwenye kidonda ubavuni hufika mbali kabla samaki mwenyewe hajaanza kunuka. Mambo hayo mawili yamezaa wito unaosikika sana siku hizi katika mijadala ya afya ya bahari: kwamba ukaguzi wa zamani, wa watu waliovaa aproni wakimgeuza samaki mmoja mmoja juu ya meza, umepitwa na wakati, na kwamba kusanifisha mbinu sasa maana yake ni kuchagua kipimo kimoja cha maabara na kukieneza katika kila bahari.

Wito huo umeshika mkia wa jambo na kuacha kichwa. Takwimu za magonjwa ya samaki wasiofugwa hazijawahi kuharibika kwa sababu ya uhaba wa vipimo vikali. Zinaharibika kwenye namba iliyo chini ya mstari. Kiwango cha ugonjwa ni sehemu tu: juu kuna kiasi, yaani wagonjwa, na chini kuna asili, yaani wote waliopekuliwa. Juhudi zote zinaelekezwa juu, kwenye kumtambua mgonjwa kwa ustadi zaidi, huku asili ikiachwa ijitafutie njia: ni samaki wa ukubwa gani, wa msimu gani, wametoka mikokoto mingapi (yaani wavu umevutwa mara ngapi), nani aliwachagua kutoka kwenye rundo. Kinachotakiwa kusanifishwa kwanza ni mambo matatu: nani amehesabiwa, nini kimehesabiwa kuwa ugonjwa, na nani amehesabu. Wavu na mashine za maabara vinaweza kutofautiana kati ya bahari na bahari bila madhara makubwa, ilimradi visibadilike kimyakimya ndani ya mfululizo mmoja.

Ugumu wa kazi hii huonekana vizuri ukiilinganisha na ufugaji. Mfugaji anajua amemimina vifaranga wangapi kizimbani, anaokota mizoga kila asubuhi, akigawanya anapata jibu lake. Baharini mzoga hauokotwi, huliwa. Aliye hoi huliwa hata kabla hajafa. Kinachoingia wavuni ni wale walioweza kufika siku hiyo: wazima, wagonjwa wa kadiri, na waliopona wakabaki na makovu. Kwa hiyo kiwango kikishuka kutoka asilimia 12 hadi 6, huenda ugonjwa umepungua, na huenda umekuwa mkali zaidi kiasi kwamba wagonjwa hawadumu tena kusubiri kuvuliwa. Upande wa pili, samaki aliyedhoofika hukimbia polepole, na wavu wa kukokota humpata kwa urahisi kuliko mwenzake mzima, wakati ndoana yenye chambo huenda ikamkosa kabisa kwa kuwa hana hamu ya kula. Kila chombo kina macho yake.

Uhaba wa hesabu za kulinganisha ulidhihirika mwaka 2004, pale watafiti Jessica Ward na Kevin Lafferty walipotaka kujibu swali linaloonekana jepesi: je, magonjwa ya viumbe wa baharini yanaongezeka? Hawakuwa na mfululizo wa hesabu za samaki unaotosha kwa dunia nzima, basi wakahesabu makala za kisayansi. Walitazama, kwa kila kundi la viumbe tangu 1970, ni sehemu gani ya makala zote inayozungumzia ugonjwa. Kwa matumbawe na kasa mwelekeo ulikuwa wa kupanda, kwa samaki ulishuka. Ilikuwa njia ya werevu, na waliieleza kwa uaminifu. Lakini fikiria maana yake: ili kujua kama samaki wanaugua zaidi, ilibidi wahesabiwe waandishi.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari, ICES, lililoanzishwa 1902 na lenye makao Copenhagen, liliwakusanya wataalamu melini mwaka 1984 wakapekue samaki walewale kwa pamoja na kukubaliana njia. Kutokana na kazi hiyo na iliyofuata, 1996 ulitoka mwongozo wa picha na maelezo ya magonjwa ya kawaida ya samaki wa Atlantiki ya Kaskazini, na 2004 ukatoka mwingine wa kusoma ini la samaki bapa chini ya hadubini. Samaki aliyechaguliwa kuwa kielelezo cha Bahari ya Kaskazini ni Limanda limanda, samaki bapa mdogo wa mchangani: ni wengi, wamesambaa, wanaishi wakigusa tope lenye uchafuzi, na magonjwa yao huonekana kwa macho. Mwongozo unataka, kwa kila kituo, samaki 100 wa sentimita 15 hadi 19, wengine 100 wa sentimita 20 hadi 24, na 50 wa sentimita 25 na kuendelea. Watu wengi wakisoma hapo hukariri jumla, 250, wakasahau mgawanyo. Mgawanyo ndio wenye siri.

Chukua hesabu ya kubuni. Katika vituo viwili ugonjwa uko sawasawa kabisa: asilimia 5 ya samaki wadogo na asilimia 20 ya wakubwa, kwa kuwa mkubwa ameishi zaidi na amepata muda zaidi wa kuambukizwa. Kituo cha kwanza wavu umeleta wadogo 80 na wakubwa 20. Wagonjwa ni 4 na 4, jumla 8 kati ya 100. Kituo cha pili umeleta wadogo 20 na wakubwa 80. Wagonjwa ni 1 na 16, jumla 17. Ripoti itasema kituo cha pili kina ugonjwa zaidi ya mara mbili, watu wataanza kutafuta bomba la maji machafu lililo karibu, na hakuna chochote kilichotokea isipokuwa matundu ya wavu kuwa mapana. Jinsia hufanya vivyo hivyo, na msimu pia. Samaki anayetaga au aliyetoka kutaga amechoka, kinga yake iko chini, na huwa amehama kuelekea mazalio ambako amechanganyika na wa sehemu nyingine. Kumkagua wakati huo na kumlinganisha na aliyekaguliwa miezi 6 baadaye ni kulinganisha mzazi wa jana na kijana wa shamba.

Kosa la pili halionekani kabisa kwa asiyelitafuta. Samaki wa mkokoto mmoja ni majirani: wamekula pamoja, wamesuguana, wameambukizana. Samaki 50 wa mkokoto mmoja hawabebi habari ya samaki 50 waliotoka sehemu 50. Wanatakwimu hupima ujirani huo kwa namba inayoanzia 0 hadi 1. Ikiwa ni 0.05 tu, ambayo si kubwa, na kila mkokoto umetoa samaki 50, basi sampuli hupunguka nguvu kwa kugawanywa na 1 + 49 × 0.05, yaani 3.45. Samaki 250 uliowapekua kwa siku nzima, mgongo ukiuma, wana uzito wa samaki 72 hivi. Dawa si kupekua zaidi kwenye mkokoto uleule. Ni kufanya mikokoto mingi mifupi, ya dakika 30 badala ya saa moja, na kuchukua wachache katika kila mmoja. Faida ya ziada ni kwamba samaki hukaa muda mfupi zaidi wakisagana ndani ya wavu.

Na sifuri nayo ina mdomo. Ukikagua samaki 30 usipate mgonjwa, hujathibitisha kuwa ugonjwa haupo. Umethibitisha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba haujazidi asilimia 10 hivi. Ili useme haujafika asilimia 5 unahitaji takriban samaki 60, na asilimia 2 takriban 150, tena kwa kudhani kipimo chako hakikosei na samaki hao si majirani. Ripoti inayotangaza eneo kuwa salama kwa samaki 30 tu imesema zaidi ya inachojua.

Nije kwenye meza yenyewe, maana hapo ndipo mijadala ya ofisini huwa haifiki. Samaki bapa ametoka chini ya rundo. Ubavuni ana doa jekundu la ukubwa wa kucha. Je, ni kidonda? Mtie kwenye maji safi ya bahari yanayotiririka, umwangalie chini ya taa nyeupe. Kama magamba yamechunika kwa kufuata nyuzi za wavu, ngozi ni nyekundu lakini haina shimo, na ukingo ni mkali kama uliokatwa leo, hiyo ni kazi ya wavu, na haiandikwi. Kidonda cha ugonjwa kina shimo linaloelekea kwenye nyama, na ukingo wake umevimba au una utepe mweupe wa ngozi inayojaribu kujifunga. Kikishaanza kupona, weusi hukizunguka, hatimaye hubaki kovu lililobonyea. Kibichi, kinachopona na kovu ni safu tatu tofauti kwenye fomu, kwa sababu kibichi kinaeleza wiki zilizopita na kovu linaeleza zamani. Ukiziunganisha kuwa safu moja ya "vidonda", umechanganya habari ya leo na ya mwaka jana. Samaki wenye kibofu cha hewa wana mtego mwingine: wakivutwa haraka kutoka kilindini macho hutokeza na tumbo hujitokeza mdomoni, na mkaguzi mgeni huandika uvimbe wa macho kwa samaki aliyekuwa mzima dakika 10 zilizopita.

Uchaguzi kutoka rundo nao una hila zake. Mabaharia kwa wema wao humrushia mtaalamu samaki mbaya waliyemwona: "huyu hapa, ana kidonda kikubwa." Akimpokea na kumtia kwenye hesabu, kiwango kimeshapinda. Huyo atiwe kwenye ndoo yake, apigwe picha, achukuliwe tishu kama anafaa, lakini asiguse fomu ya hesabu. Anayepima urefu na kugawa samaki kwenye makundi asiwe ndiye anayekagua, na katika kila kundi la urefu wachukuliwe kwa mfululizo jinsi wanavyokuja mpaka idadi itimie. Isipotimia, wachukuliwe wote na upungufu uandikwe. Kazi hiyo ifanyike kabla mtu yeyote hajaanza kuchagua samaki wa kuuza.

Ini lina masharti yake, na hapa ndipo tishu nyingi huharibika kwa haraka ya mtu mmoja. Uvimbe wa ini unaozidi milimita 2 kwa kipenyo huandikwa, halafu lazima uthibitishwe kwa hadubini, kwa kuwa mnyoo uliojikunja ndani ya ini hufanana sana na uvimbe wa seli. Samaki awe ametoka kuuawa muda huohuo, maana ini huanza kujimeng'enya mara damu inaposimama. Kata kipande chenye unene wa milimita 3 hadi 5, tia kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wa formalini uwe angalau mara 10 ya tishu. Anayetumbukiza ini zima kwenye kichupa kidogo hupata ini lililohifadhika nje na kuoza ndani, kwa sababu formalini hupenya polepole. Anayegandisha kwenye friji akidhani ataikata baadaye hupata seli zilizopasuliwa na chembe za barafu. Kwa DNA mambo ni kinyume: formalini huikatakata, hivyo kipande cha pili kiende kwenye ethanoli kali au kwenye baridi kali. Samaki mmoja, vichupa viwili, namba moja ya utambulisho. Namba ikipotea, vichupa vyote viwili ni takataka.

Sasa mkaguzi mwenyewe. Wape wakaguzi wawili samaki walewale 100, kila mmoja apekue bila kujua mwenzake ameandika nini. Tuseme kila mmoja ameandika wagonjwa 10, na wamekubaliana kwa samaki 90. Asilimia 90 inapendeza kwenye ripoti. Lakini kwa kuwa wengi ni wazima, hata wangekuwa wanabahatisha tu kwa viwango hivyo wangekubaliana kwa samaki 82. Ukiondoa bahati, makubaliano yao halisi kwa kipimo kinachoitwa kappa ni 0.44. Tazama kwa njia nyingine: samaki waliowekewa alama ya ugonjwa na angalau mmoja wao ni 15, na wote wawili wamekubaliana kwa 5 tu. Kiwango cha ugonjwa kimelingana, 10 kwa 10, huku wagonjwa wenyewe ni tofauti. Kosa hili haliponi kwa kununua mashine. Linapona kwa mazoezi ya pamoja, kwa picha na slaidi kuzungushwa kati ya maabara, jambo lililofanywa Ulaya chini ya mpango wa kuhakiki ubora wa vipimo uitwao BEQUALM, na kwa kurudia asilimia 10 hivi ya samaki kwa mkaguzi wa pili katika kila safari.

Wanaodai mwongozo mmoja kwa dunia nzima wana hoja nzito, na wasichukuliwe kama watu wa makaratasi. Bila kipimo cha pamoja, kila nchi hujitangazia afya kwa lugha yake, na bahari haina ukuta. Samaki wanahama, meli zinabeba maji ya urari, yale ya kuzituliza zisiyumbe, kutoka bandari hadi bandari, na ugonjwa unaoanzia upande mmoja hugunduliwa upande wa pili ukiwa na jina lingine. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, limeshaonyesha kwamba inawezekana: kwa magonjwa yaliyomo kwenye orodha yake kuna vipimo vilivyokubaliwa na masharti ya kutangaza eneo kuwa halina ugonjwa. Ila orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya biashara ya wanyama wa majini na bidhaa zao. Vidonda vya ngozi visivyo na jina, uvimbe wa ini na weusi wa ngozi usio na chanzo kinachojulikana havimo, na kwa samaki wasiofugwa hivyo ndivyo vinavyoonekana zaidi.

Wanaopinga nao wana la kusema. Limanda limanda haishi kwenye miamba ya matumbawe, na juu ya matumbawe wavu wa kukokota haupiti. Mwaka 2012 watafiti waliripoti kwamba kati ya samaki 136 wa aina ya Plectropomus leopardus waliochunguzwa katika Great Barrier Reef huko Australia, 20 walikuwa na mabaka meusi yaliyoonekana kuwa saratani ya ngozi. Ni asilimia 15, na kwa ukubwa wa sampuli ile ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 9 na 22. Ugunduzi wa maana. Lakini mwongozo wa Bahari ya Kaskazini usingeweza kuwaongoza hata kidogo: samaki mwingine, ukubwa mwingine, njia nyingine ya kuvua, ugonjwa usiokuwemo kwenye picha. Ndiyo maana nasema kulazimisha samaki mmoja na wavu mmoja ni upotevu. Kinachoweza kusafiri kutoka bahari hadi bahari ni kanuni ya kuandika: makundi ya urefu yaliyotangazwa kabla ya safari, idadi ya mikokoto au mitego, muda wake, kina, joto la maji, jinsia, jina la mkaguzi, na maelezo ya kidonda kwa sura yake.

Nasisitiza sura, si chanzo. Kwa miongo mingi samaki bapa na jamaa za chewa wa baridi walionekana na uvimbe kwenye matamvua na mdomoni uliojaa seli kubwa za ajabu zilizopewa jina la seli X. Wengi waliuhesabu kuwa saratani, na saratani ilikuwa ushahidi wa uchafuzi. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba seli zile ni vimelea vya chembe moja. Aliyeandika fomuni "saratani" na kuchanganya kila uvimbe humo hawezi tena kuzitenganisha hesabu zake. Aliyeandika "matamvua yamevimba, yamepauka, pande zote mbili" bado anazitumia. Vipande vya tishu vilivyofunikwa kwa nta na kutunzwa kabatini navyo vinaweza kusomwa upya. Hiyo ni sababu tosha ya kutovitupa mradi unapokwisha.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile niliyoanza nayo, kwamba DNA itamaliza kazi. Maji yaliyochujwa yanasema kimelea kimepita. Hayasemi kiko ndani ya samaki wangapi, wa ukubwa gani, wala kama kuna hata mmoja anayeumwa. DNA hiyo huenda imetoka kwenye vizimba vya ufugaji vilivyo juu ya mkondo, au kwenye mizoga, au kwenye kinyesi cha ndege. Hakuna asili ya kugawanya. Hata kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea ndani ya tishu, kwa samaki mmoja mmoja hujibu swali lingine: virusi vya VHS, ugonjwa wa kuvuja damu mwilini unaoogopwa na wafugaji, vimepatikana katika aina nyingi za samaki wa baharini wasio na dalili yoyote. Kubeba si kuugua. Na pale maabara inapochanganya tishu za samaki 5 kwenye mrija mmoja ili kupunguza gharama, mrija ukisema ndiyo hujui ni mmoja au wote watano. DNA ya mazingira inafaa sana kama kengele: inakuambia wapi upeleke meli. Kuitumia kama sensa ni kuhesabu wageni kwa harufu ya pilau.

Picha za wavuvi zina ugonjwa huohuo kwa upande mwingine: kiasi tupu, asili haipo. Hakuna anayepiga picha samaki 400 wazima. Baada ya mlipuko wa mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon wa tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, taarifa za samaki wenye vidonda zilimiminika. Zilikuwa na thamani, kwani ziliwasukuma watafiti kwenda kuvua kwa mishipi mirefu ya ndoana nyingi na kupekua kwa utaratibu. Walipofika hawakuwa na mfululizo wa kabla ya 2010 uliofanywa kwa njia ileile. Swali la kwanza la mwanasheria yeyote, "walikuwa wangapi kabla?", halikuwa na jibu la moja kwa moja. Ubishi wa aina hiyo ulizuka tena 2011 bandarini Gladstone, Queensland, ambako samaki wagonjwa walionekana wakati uchimbaji wa kina cha bandari na mafuriko makubwa vilipokutana, na kila upande ukaonyesha mkosaji wake.

Kuna pia fahirisi ya magonjwa ya samaki, inayokusanya magonjwa yote ya Limanda limanda kuwa namba moja baada ya kusahihisha ukubwa na jinsia. Inasaidia kwa watunga sera wasio na muda. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 weusi wa ngozi wa samaki hao uliongezeka sana katika Bahari ya Kaskazini, chanzo chake kikabaki kuwa ubishi. Ugonjwa mmoja ukipanda huku mingine ikishuka, namba moja huweza kutulia tuli. Itolewe, ila jedwali la kila ugonjwa liambatane nayo.

Kwa yote hayo, mabadiliko ya mbinu yatakuja na yanapaswa kuja. Kimelea cha Ichthyophonus, kilichoua heringi wengi Kattegat, kati ya Denmark na Sweden, mwaka 1991, kilitafutwa wakati ule kwa kutazama moyo kwa macho na kuhesabu wenye vinundu vyeupe. Ukiotesha tishu za moyo maabara unapata wagonjwa wengi zaidi, kwa sababu maambukizi machanga hayajatoa vinundu. Anayebadili kutoka macho kwenda kuotesha kwa siku moja atatangaza mlipuko usiokuwepo. Njia zote mbili zifanywe kwa samaki walewale, misimu miwili angalau, ndipo ipatikane namba ya kubadilishia ya zamani kuwa mpya. Wafadhili hawapendi kulipia kitu kilekile mara mbili, na sehemu hiyo ya bajeti ndiyo hukatwa kwanza.

Faida ya uvumilivu inaonekana Eagle Harbor, Puget Sound, katika jimbo la Washington. Tope la hapo lilijaa kreosoti ya kutibu mbao, na samaki bapa Parophrys vetulus walikuwa na madhara makubwa ya ini. Mwaka 1993 na 1994 tope hilo lilifunikwa kwa tabaka safi. Samaki waliendelea kukaguliwa kwa vigezo vilevile vya hadubini kabla na baada, na madhara ya ini yakaonekana yakipungua kadiri miaka ilivyopita. Hakukuhitajika kipimo kipya kujua kama fedha za usafi zimefanya kazi.

Nchi yenye boti moja na mtaalamu mmoja haihitaji kungoja mwongozo wa dunia. Ichague samaki mmoja wa chini asiyehama sana, vituo viwili au vitatu, mwezi uleule usio wa kutaga, chombo kilekile cha kuvulia, makundi mawili ya urefu. Magonjwa manne au matano yanayoonekana kwa macho yatosha kuanzia, kila moja likiwa na picha zake tatu za kadiri ya ukali zilizobandikwa juu ya meza ya kukagulia. Ini la samaki 30 kwa kila kituo lihifadhiwe, hata kama fedha za kulisoma hazijapatikana. Ikitokea mwaka mafuta hayatoshi, kipunguzwe kituo kimoja, si msimu. Na fomu ya mwaka huo iandikwe kwamba kituo hakikufikiwa, badala ya kuacha nafasi wazi ambayo mtu wa baadaye ataisoma kuwa sifuri.